Posa ya Mtu wa Kompyuta

Mzee Mbaraka wa Mlandizi alikuwa mshenga, na ungemsikiliza yeye mwenyewe ungeamini kwamba nusu ya watoto wa barabara ya Morogoro walizaliwa kwa sababu ya mdomo wake. Tumpe haki yake, hakuwa anatia chumvi sana. Alikuwa na mihogo na minazi kama majirani zake, lakini kijana akitaka kuoa hakutafutwa mwenye minazi mingi, alitafutwa Mbaraka. Washenga wengine huenda wawili au watatu. Yeye alikwenda peke yake, kwa madai kwamba mwenzake humharibia maneno.

Sasa, katika kazi hiyo kulikuwa na sheria moja ambayo watu wa huko, kuanzia Mlandizi mpaka ndani kabisa Kisarawe, waliishika bila kuiandika popote. Mshenga hasemi sijui. Anaweza kuulizwa kama kijana anakoroma, kama mama yake ana ulimi mkali, kama babu yake aliwahi kukimbia ngoma ya jando, na yote atayajibu. Siku akisema sijui, maana yake waliomtuma hawakumtuma kwa dhati, na posa imeanguka hapo hapo. Furushi la posa linarudishwa mikononi mwake, anaagwa kwa heshima, na hakanyagi tena uwanja ule kwa ajili ya binti yule. Lazima aje mtu mwingine alibebe furushi upya, na nani atakubali kubeba kilichokwisha kuanguka?

Watu wa upande wa binti waliijua sheria hiyo vizuri, kwa hiyo siku ya posa walijitahidi kumtega mshenga kwa maswali. Ulikuwa mchezo, lakini mchezo uliovunja ndoa za watu. Mbaraka hakuwahi kutegeka. Kuna siku aliulizwa bwana harusi ana meno mangapi, akataja idadi papo hapo bila kupepesa macho, na maskini yule kijana ikabidi akang'olewe moja zima ili hesabu ikae sawa kabla ya siku ya nikahi.

Mwaka wa sabini na nne ikafika zamu ya mwanawe. Isihaka alikuwa mtoto wa kaka yake Mbaraka. Kaka alipofariki, mtoto alikuwa bado anatambaa, na Mbaraka na mkewe Zubeda, ambao Mungu hakuwajalia wa kwao, wakamchukua. Neno "baba mdogo" likabaki la kutumiwa mbele ya wageni tu. Kijana alikuwa na kichwa cha hesabu. Alipomaliza masomo yake Kibaha, shirika moja la umma pale Dar es Salaam likamtaka aende kufundishwa kazi ya kompyuta, na Mbaraka ndiye aliyemsukuma akubali. Hakujua kompyuta ni kitu gani, lakini alisikia watu wakisema ndiyo kazi ya kesho, na aliona kesho ni kitu kizuri kumpa mtoto.

Kijana akapenda mwalimu. Jina lake Mwanajuma, alifundisha hesabu shule ya msingi jirani na Maili Moja, na kwao kulikuwa Vihingo, Kisarawe, kwa Mzee Mwinyimadi. Wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe, kama vijana wafanyavyo, halafu wakawaachia wazee wajidai kwamba wao ndio walioanza.

Isihaka alikuja Mlandizi Jumapili kabla ya posa. Akasalimia, "Shikamoo, Baba," akaitikiwa, akapewa mkeka na chai. Mbaraka hakumpa nafasi hata ya kuipoza.

"Sasa nieleze. Nikiulizwa unafanya kazi gani, nisemeje?"

"Sema naandika programu za kompyuta."

"Hapo umenijibu au umenitukana?"

Isihaka akacheka. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye miwani, na alipoeleza jambo alilolipenda mikono yake haikutulia. Kompyuta, alisema, ni mashine kubwa. Ile ya kwao ilikuwa imejaza chumba kizima, na chumba chenyewe kinatiwa baridi mchana kutwa ili isiugue kwa joto. Ina nguvu za ajabu na haina akili hata kidogo. Mama akimwambia binti apike wali, anasema pika wali, basi. Mashine ukiiambia pika wali itakutumbulia macho. Lazima uiambie chukua sufuria, tia maji, maji yakichemka tia mchele, yasipochemka ongeza kuni, kuni zikiisha nenda kaokote nyingine. Maagizo hayo ndiyo programu. Yanatobolewa kwa matundu kwenye kadi ngumu, kadi zinalishwa kwenye mashine, na ukisahau hatua moja tu wali unaungua.

Bi Zubeda, aliyekuwa akipeta mchele pembeni, akasema kazi hiyo yeye anaifanya tangu alipoolewa, na mashine yenyewe ndiyo hiyo imekaa mkekani inangoja kuongezewa chai.

Mbaraka akajifanya hakusikia. Alikuwa anamtazama mwanawe. Aliona jinsi uso wake ulivyong'aa alipozitaja zile kadi, na jinsi alivyosimulia siku moja alipohangaika juma zima kutafuta hatua iliyopotea, akaipata akiwa anaoga, akatoka na povu masikioni kwenda kuiandika. Moyo wake ukajaa. Mtu anayeipenda kazi yake namna ile, alifikiri, huna haja ya kumpamba.

"Haya," akasema. "Hiyo nitaieleza. Lakini juzi nimesikia redio."

Mikono ya Isihaka ikatulia.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali imezuia kuingiza kompyuta kutoka nje, pamoja na vifaa vyake. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na nchi ilikuwa na mambo mengine ya kununua. Mbaraka alilisikia tangazo akiwa dukani kwa Mpemba.

"Hii mliyonayo itakaa?" akauliza.

"Itakaa mpaka iharibike. Ikiharibika, vipuri vyake ni vya nje."

"Kwa hiyo kazi yako, miaka kumi ijayo, itakuwepo?"

Isihaka alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Sijui, Baba."

"Hilo neno usilitaje mbele yangu."

"Najua. Lakini ndilo jibu. Wenzangu wengine wanasema tuombe uhamisho twende masijala tukahifadhi mafaili. Mmoja ameshaondoka, amekwenda Nairobi. Wengine wanasema tusubiri, siku moja mashine hizi zitakuwa kila mahali na sisi ndio tutakaotafutwa. Kila mmoja anasema kwa uhakika kabisa, na hakuna anayejua. Mimi nataka kubaki nayo mpaka mwisho wake."

"Nitawaambia itakuwepo. Neno moja tu, mambo yamekwisha."

"Usiseme hivyo, Baba, nakuomba." Isihaka akasogea karibu. "Mwanajuma ana dada yake, Mwanaasha. Mshenga aliwaambia mume ana duka Kariakoo. Alipofika akakuta mume ni mlinzi wa duka la mtu. Si ulinzi uliomuudhi, ni ule uongo. Alirudi kwao na sanduku lake, na mpaka leo yuko pale. Mwanajuma ameniambia, mshenga wako akidanganya neno moja kuhusu kazi yako, mimi mwenyewe nitakataa, na sitarudi nyuma."

Mbaraka akayapima yote mawili. Ukweli ungeangusha posa uwanjani, na uongo ungeiangusha chumbani kwa binti. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kupokea mafurushi ya watu, alitamani mtu mwingine aende badala yake.

Siku ya posa alishuka Kisarawe mjini, akapanda lori lililokuwa likienda kuchukua mkaa, na kipande cha mwisho akakitembea kwa miguu, furushi kwapani: doti ya kanga, ubani na halua, vyote vimefungwa kwenye kitambaa cheupe alichokidarizi Bi Zubeda mwenyewe. Nyumba ya Mzee Mwinyimadi ilikuwa mpya, udongo wa kuta haujakauka vizuri, kwa kuwa mwaka ule watu wa huko walikuwa wakihamia kijiji cha ujamaa na kila mtu alikuwa anajenga upya. Uwanja ulikuwa umezungushiwa makuti mabichi.

Walimpokea vizuri. Mwinyimadi alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kuzungumza, na kwa hiyo aliyezungumza alikuwa Mwishehe, mjomba wa binti. Huyo alikuwa mwembamba na mwenye macho makali, na watu walimwogopa kwenye posa kama wanafunzi wanavyomwogopa mkaguzi. Kando alikaa Bi Mwanaamina, dada yake Mwinyimadi, shangazi wa binti, anamenya korosho kwa vidole vilivyochakaa kwa utomvu. Mwanajuma alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la mlangoni. Wote walijua yuko pale, na wote walizungumza kana kwamba yuko Tabora.

Mbaraka akaanza, na alianza vizuri. Aliulizwa kijana anaswali, akajibu. Akaulizwa anakunywa, akajibu kwamba anakunywa sana, maji ya dafu. Akaulizwa habari za kazi, naye akaieleza kompyuta kwa mfano wa wali, akaongeza chumvi kidogo tu, watu wakacheka mahali pa kucheka. Mwinyimadi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mbaraka akaanza kuamini kwamba atavuka.

Hapo Mwishehe akakohoa.

"Tumekusikia, mshenga. Kazi nzuri. Lakini na sisi huku tuna redio. Mashine zimezuiwa. Hebu tuambie, miaka kumi ijayo, watoto wakiwa shule, kazi hii ya mkwe wetu itakuwepo?"

"Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu," Mbaraka akasema.

"Hilo tunalijua wote, na hatukumwalika mtu kutoka Mlandizi kuja kutuambia. Tunakuuliza wewe. Itakuwepo, au haitakuwepo?"

Kulikuwa na jibu moja ambalo lingemwokoa mshenga wa kawaida. Binti mwenyewe ni mwalimu, ana mshahara wake wa serikali, hata mume akikosa kazi nyumba haitalala njaa. Lakini mshenga anayekwenda kuposa na kutaja mshahara wa binti angefukuzwa kwa mwiko wa ugali, na Mbaraka alikuwa bado anazipenda mbavu zake. Akabaki na lile neno moja, itakuwepo. Lilikuwa tayari limekaa ulimini, laini, halina mifupa.

Wakati huo mwanamke mmoja akatoka ndani na kata ya maji. Alipiga magoti, akampa. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuwa mchangamfu zamani. "Asante, mwanangu," Mbaraka akasema, na Mwinyimadi akamwambia, kwa sauti ya chini ya baba anayejitahidi, kwamba huyo ndiye binti yake mkubwa, Mwanaasha. Mwanaasha hakuondoka. Alibaki amepiga magoti anangoja kata, na macho yake yalikuwa yametulia kwenye mdomo wa mshenga.

Mbaraka alikunywa maji yote. Alimfikiria Isihaka na miwani yake na povu masikioni. Aliona aibu mbele ya yule mwanamke, aibu ambayo hakuitarajia, kama vile yeye ndiye aliyelitaja lile duka la Kariakoo. Akamrudishia kata.

"Sijui," akasema.

Vidole vya Bi Mwanaamina vikasimama juu ya korosho. Mwishehe mwenyewe, aliyekuwa akilitafuta neno hilo, alionekana kushtuka kulipata.

"Umesemaje, mshenga?"

"Nimesema sijui. Kijana hajui, wakubwa wake hawajui, na mimi sijui. Ningewadanganya mngefurahi. Mwanangu ameniomba nisiwadanganye."

Hakuna aliyemtukana. Mwinyimadi alilichukua furushi kwa mikono miwili, akainama, akaliweka kwenye mapaja ya mgeni. Alionekana kuumia zaidi kuliko Mbaraka. "Nenda salama, ndugu yangu," akasema. "Tusalimie Mlandizi." Mbaraka akatoka bila kulitazama pazia la mlangoni.

Alikuwa hajafika mbali na ule uzio wa makuti alipokutana na mzee mmoja aliyevaa kofia ya kiua iliyotoboka, jembe begani. Kila mtu Vihingo alimwita Maneno, kwa kuwa alikuwa nayo mengi. Alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja pwani enzi za mkonge akamuoa Mwanaamina, dada yake Mwinyimadi, na hakurudi kwao tena. Na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, mzee huyu aliishi kijijini kama mtu mwenye kibali cha kuchukua kuku wa yeyote na kumtukana mwenye kuku juu yake.

"Mzaramo," akasema, "mbona unatembea kama mtu aliyetoka kuzika?"

Mbaraka hakuwa na nguvu za utani, lakini mtani hanyimwi jibu. Akamweleza kwa kifupi. Kazi ya kijana, redio, swali la Mwishehe, na neno lililomtoka.

Maneno akashusha jembe. "Na hilo kwapani nini?"

"Furushi la posa."

"Mzigo umeachwa barabarani, na Mnyamwezi anapita. Unataka babu zangu wanilaani?" Akalinyakua. Mbaraka akanyoosha mkono kulirudisha, kisha akakumbuka kwamba alichochukua mtani hakirudishwi kwa kuvutana. Mzee akaliweka kichwani kama mpagazi, akaingia nalo uwanjani huku akiimba wimbo wa safari wa kwao.

Mbaraka hakuruhusiwa kumfuata. Akasimama nje ya uzio, katikati ya muhogo wa watu, akatega sikio. Ilikuwa kazi rahisi, maana Maneno alizungumza kama anaita mtu wa ng'ambo ya bonde.

"Hodi, hodi. Nimekuja kuposa."

Kicheko kikazuka. "Wewe shemeji, tuondolee upuuzi," sauti ya Mwinyimadi ikasema, "leo si siku yake."

"Sheria inasema posa iliyoanguka ibebwe na mwingine. Mwingine ni mimi. Au sheria yenu haiwahesabu Wanyamwezi?"

Pakawa na mnong'ono. Mbaraka aliweza kuwaona kwa akili yake, wanatazamana. Sheria ilikuwa haimtaji Mnyamwezi, lakini haikumkataza.

"Haya," Mwishehe akasema kwa sauti ya mtu anayeingia mchezoni shingo upande. "Kijana wako anafanya kazi gani?"

"Kazi inayokufa."

Watu wakaangua kicheko tena.

"Na ikifa atafanya nini?"

"Ataizika, atanawa mikono, atatafuta nyingine. Mjomba, unauliza maswali ya kitoto. Mimi nilipoletwa huku na lori la manamba niliambiwaje? Niliambiwa mkonge ni dhahabu. Msimamizi alisimama juu ya pipa akasema, dunia nzima inafungwa kwa kamba, na kamba ni mkonge, kwa hiyo Mnyamwezi wewe utakula mpaka kiama. Nikaja hapa kuposa. Marehemu baba yako, Mwinyimadi, akauliza kazi yangu. Mshenga wangu akamwambia ni kazi isiyokufa. Hakusema sijui. Alijibu vizuri sana, nikapewa mke." Alipoendelea, sauti haikuwa tena ya utani. "Haya, nendeni mkautazame huo mkonge. Wazungu wamepata nailoni. Mashamba yamefungwa, nyani wanazaa mle. Kazi isiyokufa imekufa zamani, na mimi niko hapa nanenepa kwa mihogo yenu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mbaraka alishikilia uzio. Kuti likamchoma kiganjani, hakulijali.

Ndipo akaisikia sauti ya Mwinyimadi, taratibu, kama ya mtu anayeokota kitu alichokipita miaka mingi.

"Dada. Shamba la mkonge lilipofungwa, mimi nilikuwa Lindi. Nilirudi nikawakuta wazima, sikuwahi kukuuliza. Mlikuwa mnakula nini?"

"Ndiga," Bi Mwanaamina akasema. Mbaraka akashtuka, kwa sababu ndiga ni mizizi ya porini ambayo watu wa huko huichimba wakati wa njaa tu, na usipoilowesha vizuri inaua. "Niliichimba mwenyewe. Na kuna siku hatukula."

"Na hukuniambia. Hata kurudi nyumbani hukurudi."

"Nirudi kwa nini? Uliokufa ni mkonge, kaka. Mume wangu alikuwa hai."

Mbaraka akasogeza sikio kwenye makuti.

"Na kila jioni," Bi Mwanaamina akaendelea, "alirudi akaniambia, leo nimekosa. Hakuniambia kesho nitapata. Angeniambia hivyo ningemwamini siku ya kwanza, na ya pili, halafu ningefunga sanduku langu. Kama kuna kijana ambaye hata mshenga wake anasema sijui, mimi mwanangu nampeleka."

Mbaraka alisikia mkeka ukikunjwa, kisha nyayo. Hakuona, lakini alijua kinachofanyika, maana amekisikia mara nyingi maishani. Shangazi amelichukua furushi, anaingia nalo chumbani kumuuliza binti. Kwa kawaida wakati huo yeye huwa amekaa kifua mbele, anahesabu ushindi. Leo alikuwa amesimama kwenye muhogo wa watu, jasho linamtiririka, anaomba dua zote alizofundishwa chuoni na nyingine alizozitunga hapo hapo.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Mwanaasha. Mbaraka aliijua sauti hiyo bila kuambiwa, kwa sababu ilianza kwa kukwama, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Kisha vingine vikafuata. Mzee Mbaraka, mshenga wa Mlandizi, akaketi chini kwenye udongo akalia, na alipomaliza akafuta uso kwa kofia yake na kumshukuru Mungu kwamba hakuna mtu wa barabara ya Morogoro aliyemwona.

Hawakumruhusu kuingia. Sheria ni sheria, na Mwishehe alikuwa mlinzi wake. Lakini Bi Mwanaamina alimletea chakula pale pale nje ya uzio, wali wa nazi na kisamvu, akakaa naye mpaka akamaliza. Akamwambia harusi itakuwa baada ya mavuno ya korosho, na kwamba kijana aje mapema na jembe, ataonyeshwa pa kulima muhogo. Mwalimu mwenyewe, huko chumbani, ametaka apandiwe wake karibu na barabara.

Kesho yake Mbaraka alimkuta Isihaka Maili Moja. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na alikuwa amekaa mbele ya mgahawa mmoja tangu asubuhi, kikombe cha chai hakijaguswa, inzi wamekwisha kukimiliki. Alipomwona mzee akishuka kwenye basi bila furushi, alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Walikuuliza habari za kazi?"

"Waliniuliza."

"Ulisemaje?"

"Nilisema sijui."

Isihaka alishika ukingo wa meza. Aliijua sheria vizuri kama mtu mwingine yeyote wa kule, na alijua pia kwamba mzee huyu alikuwa hajawahi kulitamka neno lile mbele ya watu. Akataka kusema samahani, na akataka kusema asante.

"Kaa," Mbaraka akamwambia. Naye mwenyewe akakaa, akamshika mkono juu ya meza kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo wakivuka barabara hiyo hiyo ya Morogoro. "Kazi yako wameikataa, mwanangu. Wote, mpaka Mnyamwezi. Wewe ndiye waliyekukubali."